Mlio wa Ufuta Kwenye Spika

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya redio za magari pale Nachingwea, Fundi Mkuu hakunipa hata bisibisi. Alinipa kaseti tupu, akanituma nyumbani nikarekodi sauti ninayoijua kuliko zote.

"Muziki wa watu hujui ulilia vipi walipoupiga," aliniambia. "Sasa utajuaje kama spika inakudanganya?"

Nikamrekodi mke wangu Somoe, binti wa kijiji cha Mkotokuyana, akipepeta ufuta uani huku jirani anatwanga. Katikati ya kaseti anasikika akisema, "Baba Hadija, chai inapoa." Hakujua kuwa ninamrekodi, na alipojua alininunia hadi kesho yake.

Nyie vijana mnaofunga redio leo mtacheka, lakini kaseti ile ndiyo niliyofanyia kazi maisha yangu yote. Kinu kilinipa besi, zile sauti nene za chini. Somoe alinipa katikati, mahali wanadamu tunapozungumzia. Ufuta ukirushwa kwenye ungo, ile chaa, chaa nyembamba, ulinipa sauti za juu zinazotoka kwenye twita, vile vispika vidogo vya karibu na kioo. Nilikaa kiti cha dereva, nikafumba macho, nikangoja kuitwa chai. Somoe akitokea miguuni badala ya mbele yangu, nilifungua spika upya.

Baadaye nilihamia duka moja la Ruangwa. Meneja wetu, dada mtaratibu mwenye umri wa binti yangu, alipima kwa mashine. Maiki inawekwa pale kichwa cha dereva kinapokaa, na kwenye uso wa mashine nguzo za taa zinapanda: za kushoto ni besi, za kulia ni sauti nyembamba. Mimi nilimwambia mashine haijui mtu anavyosikika. Akacheka.

"Kipimo hakina mke, mzee wangu. Ndiyo maana nakiamini."

Nilikasirika, nakiri. Tulibishana hivyo miaka mingi, kaseti nikaihamishia kwenye flashi, na Somoe akafariki ubishi haujaisha. Nikaendelea kumsikiliza kwenye magari ya watu. Wenzangu walidhani nachelewesha kazi. Nilikuwa nimemkumbuka tu.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa Chunyu akarudisha pikapu yake niliyoifungia redio. Alisema sauti inamchoma masikio, abiria wanamwomba azime. Nikaingia na flashi yangu. Kinu nikakisikia. Somoe nikamsikia. Ufuta haukuwepo. Nikaongeza sauti za juu, nikaongeza tena, mwenye gari akaziba masikio, na mimi sikusikia kitu. Niliona rekodi imeharibika. Nyingine ya mke wangu sina.

Meneja hakunibishia. Alishusha sauti, akaweka maiki kando ya kichwa changu, akarudisha mwanzo. Nguzo za kulia zikapanda, zikashuka, zikapanda, kwa mwendo uleule wa Somoe akirusha ungo.

"Ufuta upo, mzee wangu," alisema polepole. "Rekodi ni nzima."

Nilielewa kilichoharibika ni nini. Wiki ile nilikabidhi funguo za duka, nikaacha kazi. Meneja akanifungia kipimo cha zamani kwenye boksi, akasema kitanifaa.

Nimerudi Nachingwea. Alasiri nikishamaliza kuswali, naweka kipimo barazani mbele ya spika. Mashine niliyoitukana miaka yote ndiyo inayonionyesha mikono ya mke wangu ikipepeta. Nazitazama zile taa za kulia, nami nimemkumbuka mno.

Daktari ameniambia masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti za juu, kisha upungufu hushuka polepole hadi zile za katikati. Somoe yuko katikati. Kwa hiyo kila siku, ikikaribia sehemu ile, naacha kutazama taa, nafumba macho, na chai yangu naiacha mezani ipoe hadi aniite.