Gari Lililofukizwa kama Chombo cha Maziwa

Kaka yangu alilipenda gari lake kuliko alivyotupenda sisi, wala hakuficha. Lilikuwa gari dogo la rangi ya chai ya maziwa, lenye viti vya kitambaa na zulia jekundu sakafuni. Katika Garissa ya miaka ile magari mengi yalikuwa ya serikali, yaliyobaki yalikuwa malori ya mifugo, kwa hiyo zulia ndani ya gari liliwafanya watu wasimame njiani kuchungulia. Abiria mwenye vumbi miguuni aliambiwa ashuke ajipanguse kwanza. Mimi mwenyewe, dada yake wa tumbo moja, niliwahi kuteremshwa kwa sababu ya ganda la ndizi ambalo hata sikulidondosha mimi. Basi maziwa yalipomwagika ndani ya gari lile, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kicheko kile hakikudumu.

Ulikuwa wakati wa vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa huku kwetu. Mtu hakutoka mjini bila kibali, na magari yalisafiri kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Siku moja, akirudi kutoka upande wa Ijara, kaka alimpakia mama mmoja mfugaji aliyebeba maziwa ya ngamia katika chombo kile chetu kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi. Gari la askari likasimama ghafla, kaka akakanyaga breki, chombo kikapinduka. Maziwa yakaingia chini ya kiti cha nyuma, ndani ya mishono, mpaka chini ya zulia. Kaka akapangusa juu juu kwa kitambaa. Kisha, kwa kuogopa vumbi, akafunga vioo vyote akaliacha gari juani. Jua la Garissa likamaliza kazi iliyobaki.

Alipofungua mlango kesho yake, alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Akaniita, nikaja na maji, sabuni na maneno makali. Tukasugua. Kadiri tulivyosugua ndivyo maziwa yalivyozidi kuzama, na harufu ikawa na nguvu kuliko awali.

Wakati mwingine wowote ningemwachia gari lake na uvundo wake. Lakini mama yetu alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na mama alitutambua kwa mwendo wa nyayo zetu tu. Daktari wa hapa mjini alisema Nairobi kuna watu wa kuutoa ule utando, ila asichelewe. Tulihangaikia kibali kwa muda mrefu, nenda rudi, mpaka kikatoka: mama, mimi wa kumshika mkono, na kaka wa kuendesha, kwa msafara wa Jumatatu. Msafara ule ukikupita, hakuna aliyejua mwingine ungepatikana lini. Na mama juu ya lori asingeweza. Alijaribu mara moja, akarudi macho yamevimba kwa vumbi na jua.

Jumamosi asubuhi tulimleta mama mpaka kwenye gari ili alizoee. Aliingiza kichwa, akakitoa mara moja, akainama akatapika palepale kando ya gurudumu.

"Hooyo," kaka akamwambia, kwani ndivyo tunavyomwita mama, "ni maziwa tu. Wewe umekunywa maziwa ya kulala maisha yako yote."

Mama akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Maziwa yaliyolala kwenye chombo ni chakula," alisema. "Yaliyolala kwenye kitambaa ni mzoga. Mimi humo siingii. Afadhali nibaki na giza langu."

Mnapaswa kumjua mama yangu. Alikulia kwenye ufugaji, upande wa Griftu, na vyombo vyake vya maziwa vilisifiwa kwa usafi na watu ambao hata hawakumpenda. Akisema haingii, haingii. Nilimtazama kaka, kaka akatazama zulia lake, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa kitu kikubwa kuliko doa.

Palikuwa na mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, aliyeuza vitambaa na soda baridi. Alikuwa na jenereta yake, na Mzungu mmoja wa serikali alipofunga virago kurudi kwao, yeye alinunua nusu ya vitu vya nyumba ile. Humo mlikuwa na mashine mbili za kusafishia mazulia, ambazo hapakuwa na mtu mjini wa kuzinunua. Tukaenda kuomba tuazimwe moja.

Ya kwanza ilikuwa na mpini mrefu na kisanduku bapa chini, ndani yake brashi zinazozunguka ukiisukuma. Haikuhitaji umeme. Ya pili ilikuwa na umbo la debe lililolazwa ubavu, na mpira mrefu unaokunjika, na midomo ya kubadilisha: mmoja mpana, mmoja wenye brashi, mmoja mwembamba kama wa birika.

Kaka akaishika ile ya mpini. Aliipenda kwa sababu ilikuwa inang'aa. "Adeer," akamwita mwenye duka, yaani ami, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake, "hii nafuta fumbi kweli? Bila stima?"

"Inafuta, mwanangu. Ya nyumbani hiyo, ya sakafu."

"Basi nachukua hii."

"Ipitishe chini ya kiti kwanza," nikasema.

Akaipeleka kwenye gari, tuliloliegesha nje ya duka. Kisanduku kikagonga chuma cha kiti, kikakataa kuingia. Akakigeuza, kikakataa. Akajaribu juu ya kiti, brashi zikaparaza kitambaa bila kugusa mishono. Jasho likamtoka. Mimi nikakunja mikono nikamwacha amalize ukaidi wake, maana kaka yangu hafundishiki akiwa ameshika kitu kinachong'aa.

Kisha nikachukua ile ya debe. Nilimwaga konzi ya mchanga kwenye mkeka wa duka, nikautia na manyoya ya mbuzi, kwa kuwa manyoya hung'ang'ania kuliko mchanga. Mwenye duka akawasha. Ikanguruma, mchanga ukapotea, na manyoya yakafuata. Nikaubana mdomo mwembamba kwenye kona ya mkeka, nao ukaingia. Sikuhitaji kuona zaidi.

"Lakini hii inakula umeme," mwenye duka akasema. "Nikiiwasha, lazima nizime friji. Soda zangu zitachemka."

"Tutamaliza kabla watu hawajatoka msikitini adhuhuri," nikamwahidi. Akakubali. Alikuwa na mama yake pwani, na alituambia hivyo.

Jambo la kwanza lilikuwa kukausha, kwa sababu alituonya mashine ile isinyweshwe majimaji. Tukang'oa kiti cha nyuma, tukalitoa zulia, tukaanika vyote kwenye ukuta wa duka. Safari hii jua likawa upande wetu. Maziwa yakakauka yakawa magamba. Nikayapiga kwa fimbo, yakawa unga. Hapo ndipo tukawasha. Nilianza na mdomo wenye brashi juu ya kitambaa, nikabadilisha nikatia ule mwembamba kwenye kila mshono, pole pole, mkono mmoja ukivuta kitambaa kifunguke. Unasikia unga ukipita ndani ya mpira, wenyewe una sauti yake. Zulia lilipomaliza kufyonzwa, likaonekana jekundu ambalo hata kaka alikuwa amelisahau. Mfuko wa mashine ulijaa mchanga wa barabara zote za mkoa, na ndani yake kaka akaokota punje ya tasbihi yake aliyoitafuta tangu mfungo. Alifurahi sana. Palibaki madoa machache kwenye kiti, rangi ya kahawia, lakini gari lilikuwa limetakata. Nilijisikia fahari, siwezi kusema uongo.

Tukarudisha kiti na zulia, tukamleta mama. Akaingiza kichwa. Hakutapika. Pua ikafanya kazi, halafu akasema, "Mmeondoa mchanga. Maziwa bado yamo."

Nilitaka kulia, na nadhani nililia kwa hasira. Tulikuwa tumesafisha kwa macho yetu, na yeye alikuwa na pua tu.

"Hooyo, tufanye nini tena?" nikamuuliza. "Tumeliosha. Tumelianika. Tumelifyonza."

Akaniuliza kana kwamba mimi ni mtoto, "Chombo cha maziwa ukishakiosha, unafanyaje?"

Kila msichana wa kwetu anajua. Chombo hufukizwa. Unachoma vijiti vya mti maalumu, unaingiza moshi ndani, unaziba, na moshi ule unaua uvundo na kuacha harufu yake nzuri kwenye maziwa yajayo. Mama alikuwa na vijiti vile kwenye sanduku lake, amevibeba tangu Griftu. Akaniagiza nikavilete na chetezo.

"Gari?" kaka akapaza sauti. "Mnataka kulifukiza gari langu kama chombo?"

"Ndiyo," mama akasema. "Na ufunge vioo. Kufunga vioo unakujua."

Shida ilikuwa moshi. Ulipanda juu ukakaa darini, na uvundo ulikuwa chini. Mwenye duka, aliyekuwa amejisahaulisha soda zake, akatuonyesha kuwa mashine ile ina matako yanayopuliza. Ukichomeka mpira nyuma badala ya mbele, hewa inayovutwa mbele inatokea kwenye mpira. Tukatoa mfuko, isije cheche ikauchoma, tukaweka chetezo mbele ya mashine, mbali kidogo. Kaka akashika mpira, amevaa shati lake jeupe la kwendea msikitini. Tukawasha.

Hakuna aliyekumbuka vumbi lililobaki tumboni mwa mashine. Lilitoka lote kwa pumzi moja, likampata kaka usoni na kifuani, unga wa maziwa na mchanga wa Ijara. Akasimama pale macho tu ndiyo yanaonekana. Mama hakuona kitu, lakini alisikia tulivyonyamaza, akauliza kumetokea nini, nikamweleza. Mama akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu macho yaanze kufunikwa.

Baada ya hapo ukaja moshi safi, wa buluu. Kaka, kwa hasira na vumbi lake, akaupeleka chini ya viti, ndani ya mishono, nyuma ya zulia, mpaka gari likafuka kila tundu. Tukafunga milango tukaliacha. Alasiri mama alipoingiza kichwa, hakukitoa. Aliingia mzima, akakaa, akavuta mtandio akaegemea.

"Sasa ni chombo," alisema.

Jumatatu alfajiri tulipanga foleni na msafara kwenye daraja la kutokea mjini. Askari waliyapekua magari moja moja, na yule aliyetujia alikuwa kijana mrefu, uso umekunjwa. Akafungua mlango wa nyuma, akanusa, mkono ukaenda kwenye bunduki.

"Gari hii imeungua? Mlikuwa mnachoma nini?"

Kaka Kiswahili kikamkimbia. Niliona kibali kikichanwa, nikaona mama akirudishwa nyumbani kwenye giza lake. Ndipo mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akasema, "Maziwa nilimwagika hapa, mwanangu. Mimi nachoma miti kidogo. Kama chombo ya maziwa."

Yule kijana akaingiza kichwa tena, akavuta pumzi ndefu, na uso ukamkunjuka.

"Mama yangu hufanya hivyo kwa kibuyu," alisema. "Kwetu, Bonde la Ufa. Harufu ni hii hii." Akakaa hivyo, kichwa ndani ya gari letu, kwa muda ambao hakuwa na haja nao. Kisha akafunga mlango taratibu akatupungia tupite. Katika vita vile niliogopa askari wengi. Yule nilimwombea dua mpaka tukafika Mwingi.

Mama alilala njia nzima.

Nairobi walimtoa mtoto wa jicho, wakamfunga bandeji, wakamfungua, na bado alisema anaona mwanga na vivuli tu. Daktari alisema asubiri miwani. Mimi nilisubiri bila imani. Siku ya kuondoka kaka ndiye aliyeileta, miwani mizito yenye vioo vinene, na tulikuwa tayari kando ya gari, mama ameshika mlango kwa kuupapasa. Nikamvalisha. Akainama kuingia, akasita, akarudi nyuma kidogo, akanyoosha kidole mpaka kikagusa kiti.

"Hili doa ni la nini?"

Kaka, aliyewahi kuniteremsha kwa ganda la ndizi, akainama kando yake.

"Doa gani, hooyo? Liko wapi?"

"Hili hapa. Ndiyo usafi mlionisifia?"

"Jingine liko wapi, hooyo?" kaka akamuuliza, machozi yanamtoka hadharani. "Nionyeshe. Nionyeshe yote."

Mama akarekebisha miwani, akainama kwenye kiti, akaanza kutuonyesha moja baada ya jingine.