Mwana wa Bibi Aliyeingia Barazani

Juzi nilishuka Ujiji kutoka Mwandiga kununua mawese, miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye duka la Mgiriki. Siku hizi wanauza simu pale. Ngazi tatu za mbele bado zipo, na nilipoziona, rafiki yangu, nilikasirika upya kama mtoto.

Sisi tulimwita Mgiriki. Bibi yangu alimwita mwanangu. Alifika kwa treni kabla sijazaliwa, kijana mwembamba mwenye sanduku moja, na wiki ile ile homa ikamwangusha. Bibi ndiye aliyemlaza kwenye mkeka jikoni kwake, akamnywesha uji mpaka akasimama. Humo jikoni ndimo alimojifunza Kiswahili, na Kiha juu yake. Alijifunza hata kusalimia kikwetu: unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, "Mwakeye," na mwenzako anapiga ya kwake mpaka mmeridhika. Hata alipopata duka, aliendelea kuja kwetu kula mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa mawese. Alilamba vidole huku akitusimulia kwamba kisiwani kwao nako akina mama huanika samaki wadogo mchangani.

Ujiji yetu ilinuka dagaa, na mimi niliipenda harufu ile. Mitumbwi ikirudi asubuhi tuliwatandaza mchangani, ufukwe mzima ukang'aa. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kunguru na kuwageuza dagaa kabla jua halijawakausha upande mmoja. Bibi ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake pale, akisema jambo limekwisha.

Kisha serikali ya Mwingereza ikamteua Mgiriki kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam. Bibi alitembea kifua mbele, ungedhani kateuliwa yeye. Kwa hiyo uvumi ulipoenea kwamba wakubwa wa boma wamechoshwa na harufu na wanataka tuondoke ufukweni, wanawake walimjia kuuliza kama wahame mapema na dagaa wao.

"Anikeni," aliwaambia. "Mwanangu yumo humo. Atatusemea."

Wakaanika. Asubuhi moja Mgiriki akatokea juu ya ngazi za duka lake, zilizotazama ufukwe, suti nyeupe, mkubwa wa boma upande mmoja, mkalimani upande wa pili. Akasoma amri kwa Kiingereza. Mkalimani akaigeuza: ufukwe umefungwa kuanzia leo, na aliyepeleka hoja barazani ni mheshimiwa huyu mwenyewe.

Bibi alisogea hadi ngazi ya chini, akachuchumaa, akapiga makofi. "Mwakeye, mwanangu."

Mikono ya Mgiriki ilibaki kwenye karatasi. Alimgeukia mkalimani, akamnong'oneza maneno mawili matatu.

"Mheshimiwa anauliza, mama huyu anataka nini?"

Yaani alihitaji mkalimani! Mtu aliyekuwa akiomba maji ya kunywa kwa Kiha jikoni kwetu! Nilikuwa na fimbo ya kunguru mkononi na sikufanya kitu. Mpaka leo najilaumu. Bibi alibaki amechuchumaa, viganja vimekutana, akingoja. Nyuma yetu askari walikuwa wameshaanza kuwafagia dagaa na kuwatupa ziwani.

Kesho yake kisimani bibi alichuchumaa kuwasalimia wenzake. Wakajitwika maji yao, wakampita bila kumwitikia. Hakugombana nao. Mwezi ule ule tulihamia Mwandiga kulima muhogo, na sikumsikia tena akilitaja ziwa.

Wote wamekwenda sasa: Mgiriki, wakubwa wake wa boma, bibi, na wanawake waliojua kugeuza dagaa kwa kiganja bila kuwavunja. Hata yale makofi marefu ya salamu nayasikia kwa nadra. Nilikuwa bado nimezikodolea macho zile ngazi, kijana wa simu akatoa kichwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

Nikamwitikia kabla hajamaliza. Naitikia hivyo kila mtu, na wajukuu hunicheka kwa haraka yangu. Wao hawakumwona bibi yangu akingoja.