Karafuu Isiyonukia

Siku yangu ya kwanza wodini, Matroni alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Kisha akasema, "Binti, kila ukiingia zamu, simama miguuni kwa mgonjwa umuulize jina lake na mahali alipo. Akibabaika, mwite daktari. Na usiulize kwa kuchekacheka."

"Naam, Bi Matroni," nikajibu. Nikauliza hivyo wodi ya wazazi, nikauliza wodi ya upasuaji, mpaka nikawa mimi ndiye ninayekagua viatu vya wenzangu.

Korona ilinikuta nimekaribia kustaafu, nikapelekwa wodi ya kutengwa. Vijana huniuliza kwa nini baadhi ya wagonjwa walitoka upesi na wengine wakakawia. Umri una sehemu yake, na kisukari, na shinikizo la damu. Wengine walichelewa kuja, wakijifukiza nyumbani mpaka midomo imegeuka rangi. Tuliwabana kidoleni kile kifaa kidogo kinachosoma oksijeni ya damu, tukawalaza kifudifudi ili mapafu ya upande wa mgongo yapate nafasi. Hayo yote yanafundishwa darasani. Yaliyomkawiza Bi Zuhura sikufundishwa na mtu.

Kwanza mjue ile wodi ilivyokuwa. Sisi wauguzi tunalalamika maisha yetu yote juu ya jamaa za wagonjwa, na makapu yao, na ubishi wao mlangoni. Basi walipozuiliwa, nilitamani hata wa kugombana naye. Madirisha yalifungwa, na kilichosikika ni oksijeni tu, ikivuma bila kupumzika. Sote tulivaa nyeupe gubigubi, macho nyuma ya miwani yenye ukungu, hata wenyewe kwa wenyewe hatujuani. Niliogopa, sioni haya kusema.

Bi Zuhura alikuwa mkulima wa viungo kutoka Kidichi, mwenye kisukari. Oksijeni yake ilikuwa ikipanda vizuri, mara akaacha kula. Mimi na mwenzangu tukasimama miguuni kwake kama ada.

"Jina lako nani, bibi?"

Akajibu kwa sauti ya chini, pole pole, "Mola wangu ni Allah. Dini yangu ni Uislamu. Mtume wangu ni Muhammad."

Mwenzangu alicheka kidogo. Kesho yake tulipouliza, jibu likawa lile lile, na hakuna aliyecheka. Nikamwinamia.

"Bi Zuhura, una nini?"

"Mie nshakufa. Ulizeni tu, nyie ndo kazi yenu. Mwanangu kaniachia getini karafuu za shamba langu mwenyewe, nimezinusa, nimezitafuna. Hazinukii wala haziwashi. Duniani hakuna karafuu kama hiyo."

Maradhi yalimwondolea harufu na ladha, jambo la kawaida kwetu. Lakini yeye alikuwa kaburini, na sisi wawili, weupe, tusio na nyuso, ndio malaika waliokuja kumhoji.

"Maiti gani anoomba beseni la haja?" nikamtania.

"Ya kaburini wayajua wewe?"

Mpira wa kumlishia aliung'oa. Daktari wa wodi akaniita kando. "Sista, mapafu yanaitika dawa. Lakini asipokula, tutampoteza. Jaribu uwezalo."

Nikatoka nje, nikazunguka mpaka kwenye dirisha lake, na mtandio wangu na sare yangu, uso wazi. Nikagonga kioo. Alipogeuka, nikampungia mkono, kisha nikaanza kuvaa mbele ya macho yake: gauni, kofia. Kabla ya barakoa nikapiga chafya kubwa. Nikamalizia barakoa, miwani na glavu, nikaingia kwa mlango na bakuli la uji.

Alinitazama sana machoni. "Ndo wewe ulopiga chafya?"

"Ndo mimi."

Akafungua kinywa. Nililia ndani ya miwani, na machozi hayo huwezi kuyafuta.

Tangu hapo kila wa zamu alivalia dirishani. Bi Zuhura alikawia kuliko wenzake wote wa umri wake wenye kisukari, lakini alitoka kwa miguu yake.

Nilipostaafu nikaenda Kidichi kumtazama. Tulikunywa chai, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Wakati wa kuagana akanishika kifundo cha mkono, pale pale tunaposhika sisi kutafuta mapigo, kama anayehesabu.

"Mwanangu," akasema, "mie mlinitoa. Na wewe je, una hakika ulitoka mule?"

Nikacheka, nikamuaga. Lakini njia nzima ya kurudi kwangu Chukwani sikusema na mtu, wala mtu hakusema nami. Watu walinipita kama hawanioni. Nilianza kutembea upesi, mtu mzima mimi.

Karibu na mlango wangu, binti wa jirani akainua kichwa kutoka kwenye nguo alizokuwa akifua.

"Shikamoo, bibi."

Nikaitika marahaba kwa sauti kubwa, mpaka mama yake akatoka ndani kuuliza kuna nini.