Niliyemnyima Baba Neno

Siku ile ya kikao cha ukoo, mwanangu, haijanitoka kichwani, ingawa siku hizi hata miwani yangu naitafuta nikiwa nimeivaa. Eda ilikuwa imekwisha, tumekaa mkekani hapa hapa Bagamoyo kumchagua msimamizi wa mirathi ya baba. Nikapewa kalamu niandike muhtasari wa kupeleka mahakamani, maana nilikuwa na mwandiko wa kujivunia. Na nilijivuna, lo!

Baba alikuwa amemtelekeza mama bila talaka, akaenda kuoa Lugoba, akazaa huko watoto wawili. Nilimchukia. Wazee waliposema “marehemu”, mimi niliandika jina lake tupu. Mke wa Lugoba na wanawe, waliokuja wakakaa karibu na mlango, sikuwaandika kabisa. Nilijua nifanyalo: hakimu angeifuata karatasi ile, na nyumba walimokuwa wakilala ingegawiwa watu wengine.

Shangazi, dada yake baba, akaniambia nisome. Nikasoma. Yule mjane hakulalamika, alimvuta tu mwanawe mdogo karibu yake.

“Mbona humwiti marehemu?”

“Hakustahili, shangazi.”

“Ala! Kwani rehema unagawa wewe? Mahakamani, marehemu ni kila aliyekufa, mwema na mbaya. Na sisi tukilitamka tunamwombea Mungu amrehemu. Hukuulizwa kama ulimpenda. Haya, na watoto hawa wamekukosea nini?”

Niliona haya, nikalia mbele ya ukoo mzima. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika: marehemu baba yetu ameacha wajane wawili na watoto watatu. Watatu! Nilikuwa nimejihesabu peke yangu maisha yangu yote.

Basi sikiliza, mwanangu. Hasira hasara. Ukitaja aliyekufa, iwe mbele ya hakimu au kwenye hizo simu zenu, mwite marehemu hata kama alikuumiza, na mrithi wake usimfiche. Uchungu wako mwambie Mola, mwambie na mimi nikiwa bado nipo, lakini usiulipize kwa mtoto wa mwenzio.

Mungu akujaalie umri mrefu wenye heri, akupe ndugu wa kukufaa, na siku yako ikifika, wawepo wa kukuita marehemu kwa moyo mkunjufu. Amina.