Kibao cha Kuingilia Mjini

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye basi la Kipling, hapa Toronto, natoka zamu ya asubuhi ghalani, simu ilipotetemeka mapajani. Ilikuwa picha kutoka kwa jirani yetu wa zamani kule Marekani, yule mama mtu mzima aliyekuwa akifuga kuku ng'ambo ya barabara yetu. Kwenye picha, kibao cha mbao kimeegemezwa kwenye gari lake. Rangi imebanduka, lakini maandishi yanasomeka: jina la mji juu, idadi ya watu chini. Ameandika hivi: "Wameking'oa leo. Kipya kitakuwa na jina tu, namba hawaitaki tena. Nimeomba hiki nipewe mimi. Nikuletee kwa posta?"

Mtu mwingine angejibu ndiyo au hapana. Mimi nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu, nikatembea kwenye baridi, nikaandika jibu na kulifuta mara sita. Namba ile ina kosa. Kosa ni langu, na kwa miaka kumi na minne sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Ngoja nikueleze kwanza mji wenyewe ulivyokaa. Ulikuwa tambarare kama sinia. Barabara moja kubwa ilitoka mashariki kwenda magharibi, reli ikaenda sambamba nayo, na kati ya hizo mbili palikuwa na ghala refu la nafaka ambalo uliliona hata ukiwa mbali kiasi cha kuchoka kutembea. Kaskazini palikuwa na tangi la maji lililosimama kwa miguu minne. Kusini kijito, ambacho kiangazi ungekivuka bila kulowa magoti. Baada ya hapo, mahindi. Kila upande mahindi, hadi mbingu iliposhuka. Siku hizi najifundisha mwenyewe kuchora ramani kwenye kompyuta, na ramani ya kwanza niliyochora ilikuwa ya mji ule. Nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kila mara naona pembe ya kijito haijakaa sawa.

Tulifika pale kwa sababu Mama alipata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa Mama, Bibi, kaka yangu na mimi. Bibi alikuwa ametoka Korogwe, na Kiingereza hakukitaka. Lakini mahindi aliyajua. Mavuno ya kwanza aliokota mahindi yaliyoanguka pembeni ya shamba, akaambiwa hayo ni chakula cha ng'ombe. Aliyapukuchua, akayasaga kwa mashine ndogo ya mkono, akasonga ugali, akala hadi akamaliza. Kisha akasema, "Ng'ombe wa huku wamebarikiwa."

Saa sita mchana king'ora kililia juu ya kituo cha zimamoto, kila siku, bila moto wowote, kuujulisha mji kwamba ni wakati wa kula. Bibi alikuwa akiinua kichwa na kusema, "Adhana yao hii haina maneno." Wakati wa mavuno vumbi la nafaka lilitua kwenye kila kitu, likanukia kama pumba mbichi, na treni iliposimama kupakia, vikombe vilitetemeka kabatini. Nilikuwa nalala nikivisikiliza.

Kazi yangu nyumbani ilikuwa viatu. Sisi tulivua viatu kibarazani kama kawaida yetu, na watu wa mji ule walishangaa kidogo, wakazoea. Kila jioni nilivipanga: vya Bibi, vya Mama, vya kaka, vyangu, visigino vimegusa ukuta, ncha zimeangalia barabara. Kaka akivua vyake ovyo nilikuwa siwezi kula hadi nivinyooshe. "Mke mwenzangu," Bibi alikuwa akinitania, "utaolewa na rula wewe."

Nilipokuwa na miaka kumi, mwalimu wetu alituambia kibao cha kuingilia mjini kimefifia na kitapakwa rangi upya. Kilikuwa kibao cha mji wenyewe, si cha serikali, kwa hiyo watu wa mji waliamua darasa letu ndilo lihesabu. Kila mtoto alipewa mtaa anaokaa. Mwalimu angejumlisha yote, na jirani yetu wa kuku, aliyekuwa na mkono mzuri wa maandishi, angepaka.

Sijawahi kupewa jambo lililonifaa kama lile. Nilichora mtaa mzima kwenye daftari, kila nyumba mstatili, nikapita mlango kwa mlango. Mzee mmoja mjane aliniuliza kama mbwa wake ana nafasi. Nikamwambia nitamuuliza mwalimu, na kweli nilimuuliza. Mama mmoja mjamzito akanicheka: "Andika nusu!" Mtoto wake alizaliwa siku moja kabla ya kukusanya madaftari, nami nilikimbia kwenda kufuta na kuandika upya, nikafuta hadi karatasi ikachanika.

Mstatili mmoja tu ulibaki mtupu. Wetu.

Jioni ile nilikaa jikoni, Bibi anachambua maharage, nikasema kwa sauti, "Bibi, sisi ni wa..." Akanikamata mkono kabla sijamaliza. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa.

"Watu hawahesabiwi, mjukuu wangu."

"Lakini Bibi, mtaa mzima nimeshauhesabu."

"Hiyo ni mila yao. Sisi mtu akikuuliza una watoto wangapi, unasema wapo." Akarudi kwenye maharage. Kisha akaniambia jambo ambalo hata Mama hakuwa amenisimulia. Kwamba zamani alikuja mgeni, akamsifia watoto wake, akauliza ni wangapi, na yeye kwa furaha ya ujana akasema wanne. "Masika hayajaisha, nikabaki na watatu. Sijahesabu tena."

Nilijua, hata kwa akili ya miaka kumi, kwamba namba haiui. Lakini nyumbani mwetu mle tulikuwa wanne. Nilishika penseli juu ya ule mstatili, na mkono ukakataa.

Siku iliyofuata jirani alikuja na trei ya mayai, kurudisha sahani ya maandazi tuliyompelekea. Sahani yetu hakuwahi kuirudisha tupu; Bibi alimpenda kwa hilo. Akauliza, kwa kuwa yeye ndiye mpakaji, "Na hapa mko wangapi?"

Nikamtafsiria Bibi. Bibi akatabasamu, akanyoosha mgongo. "Mwambie tupo."

"Bibi anasema tupo," nikamwambia.

Jirani alitazama kibarazani, akatutazama sisi, akasema, "Sawa. Naona mpo." Akaenda zake.

Nilikabidhi daftari langu na mstatili mtupu. Nilikuwa nimeupaka kivuli cha penseli ili uonekane kama kibanda cha kuwekea vifaa. Ndiyo, nilifanya hivyo. Mwalimu aliliinua mbele ya darasa, akasema ndiyo kazi safi kuliko zote, akanibandikia nyota. Nyota ile nilibandua nyumbani, nikaitupa kijitoni.

Kibao kikapakwa, rangi nyeupe kwenye kijani. Kila tulipotoka kununua vitu mji wa jirani tulikipita, nami nilikuwa nageuza uso. Watu wanne wamepungua, na mji mzima haujui. Tulikaa pale miaka minne mingine. Nilipata rafiki, nikajifunza kupanda baiskeli, nikavunja jino kwenye ngazi za maktaba, na muda wote huo, kwa mujibu wa kibao, sikuwepo. Mjomba alipotuita Toronto na makaratasi yakakamilika, tulikipita mara ya mwisho tukiwa na masanduku juu ya gari. Kumbuka nilikuwa na miaka kumi na minne, umri wa kujionea huruma. Nilifikiri: angalau hawatahitaji kurekebisha kitu.

Sasa unaelewa kwa nini nilishindwa kujibu picha. Ningekipokeaje kitu nilichokiharibu mwenyewe?

Nilipofika nyumbani nilikaa ngazini, ghorofa ya kwanza, kwa sababu sikutaka Bibi anione, nikaandika yote. Daftari, mstatili, kivuli cha penseli, nyota. Niliomba radhi kwa Kiingereza kirefu mno. Nikatuma kabla sijakisahihisha, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jibu lilikuja nikiwa bado ngazini.

"Mtoto wewe," aliandika. "Namba ya mwalimu nilipewa, na daftari lako nikaonyeshwa, nikaona nyumba yenu haimo. Bibi yako hakutaka kutaja, nami nikaona si vizuri kumlazimisha. Kwa hiyo nilihesabu viatu. Jozi nne, kila siku, zimenyooka kama askari. Nikaongeza nne. Na mlipoondoka watu waliniambia nipunguze, nikawaambia rangi imekwisha."

Nilisoma mara nyingi. Nilikuwa nimejiumiza miaka yote kwa kosa ambalo halikuwepo, na kosa halisi lilikuwa kinyume chake: tulihesabiwa tukiwepo, tukaendelea kuhesabiwa tusipokuwepo. Mimi niko huku Toronto, mtaa wa Rexdale, napanga masanduku ya watu, na kule, kwenye upepo wa mahindi, bado nilikuwa mkazi. Hadi Jumamosi.

Nilipanda juu nikampa Bibi shikamoo, nikamsimulia. Siku hizi hatoki sana, miguu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Yule wa mayai?"

"Ndiye."

"Alituhesabu?"

"Alihesabu viatu, Bibi."

"Viatu si neno," akasema. "Viatu hesabu." Kisha akaninyooshea kidole: "Lakini hicho kibao kikija, ukigeuze uso ukutani."

Nimemjibu jirani kwamba nakitaka. Ananiambia ghala la nafaka limefungwa, treni haisimami tena, na king'ora cha saa sita kilinyamazishwa kwa sababu kuna mtu mgeni alilalamika. Maktaba sasa ni nyumba ya mtu. Nafungua ramani yangu nisahihishe, halafu naifunga. Sijui tena ramani sahihi ni ya lini.

Jengo letu haliruhusu kuweka viatu kwenye korido. Tangazo limebandikwa karibu na lifti. Kwa hiyo viatu vyetu vinakaa ndani, nyuma ya mlango, na mtu anayepita kwenye korido ya ghorofa hii hana njia ya kujua kama tupo. Leo asubuhi kabla ya kazi nimevitoa nje vyote, hata vya Bibi visivyovaliwa, nikavipanga, visigino vimegusa ukuta. Nikakimbilia basi. Sasa narudi, basi liko karibu na kituo changu, na sijui kama nitavikuta.