Unga wa Kutuliza Kijiji

Siku yangu ya kwanza kwenye stoo ya dawa, Tabora, Bwana Mfamasia alinikabidhi kinu cha kauri na mchi wake, akaniambia nitwange na nisiongee mpaka mchana. Mimi, binti wa Bukene, ninyamaze! Lakini nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Nikivurunda, narudi nyumbani kupalilia karanga, na baba alishatangaza kila mahali kwamba bintiye ni daktari.

Nikiwa bado sijathibitishwa, ukaletwa unga wa kunywa jioni ili kutuliza mwili. Ulikuwa na magnesiamu, madini yanayolegeza misuli, na ukiyazidisha yanalegeza na tumbo. Ulikuwa pia na inositoli, kitu chenye utamu wa mbali kinachopatikana hata kwenye maharage. Bwana Mfamasia akataka tuupime kabla ya kuusambaza. Nusu ya watu wapewe dawa, nusu wapewe unga bandia, kwetu wanga wa muhogo, na asijue mtu kapata upi. Nilifunga pakiti za wiki nzima, kila mtu na zake, mpaka vidole vikafa ganzi.

Tulizipeleka kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Ipole, tukamkabidhi mwenyekiti, mzee mrina asali mwenye sauti ya mkutano wa hadhara. Nilimwamkia, nikamweleza utaratibu, akaitikia kila neno. Sisi tukaenda kulala kituo cha jirani.

Asubuhi tuliporudi kuuliza habari za usingizi, shamba la pamoja lilikuwa tupu. Watu wamekaa vivulini, macho mekundu, hakuna aliyetaka kwenda mbali na choo. Nikaiona Bukene hii hapa.

Mwenyekiti alieleza bila wasiwasi. Aliziona pakiti zina majina ya watu, akaona huo ni ubinafsi. Basi akaamuru zote za wiki zimiminwe kwenye pipa moja la togwa, wakatia asali, kila mtu akapata kikombe sawa na mwenzake.

"Ndugu Mfamasia, hapa hatugawi watu," alisema.

Bwana Mfamasia akauliza kwa upole kama angalau walilala.

"Tulale saa ngapi?"

Wallahi nilijizuia, nikashindwa, nikacheka. Bosi akanigeukia, nikajua kazi imekwisha. Kumbe naye alikuwa kajibana. Aliangua kicheko hata miwani ikamwanguka.

"Utathibitishwa," aliniambia njiani. "Ila safari nyingine tuulize kwanza wanakulaje."

Nilifanya kazi chini yake, kisha chini ya waliomfuata, mpaka nikastaafu. Sasa nipo Isevya, hapahapa Tabora, na mjukuu kaniletea kutoka Dar kopo la unga wa namna ileile. Nimeupima nilivyofundishwa: kijiko kilichosawazishwa, kwenye maji, jioni. Miguu imeacha kukaza. Usingizi naupata, ingawa siwezi kuapa kama ni unga au ni kukosa bosi wa kunigombeza. Mwenye figo mbovu amuulize daktari kwanza.

Majirani wamesikia, wameanza kuja na vikombe. Nawapikia chai. Kopo liko kabatini, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga.