Dirisha la Nyumba ya Uyoga

Wangui wa kijiji cha Giakanja hakutaka kuhurumiwa, na aliyejaribu alijibiwa mara moja akafyata ulimi. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole kwa miaka sita, mpaka akabaki na kitu kimoja tu: kutambua mwanga na giza. Daktari wa mjini Nyeri hakumficha. Huo mwanga ukienda, alisema, hata upasuaji hautasaidia kitu.

Basi kila asubuhi alijipima. Aliingia katika chumba cha udongo alimopanda uyoga wake, akaelekeza uso kwenye dirisha moja dogo la kioo, akaona weupe. Kisha alirudi jikoni kumwambia mumewe, Ngatia, "Dirisha nimeona leo."

"Mungu ni mwema," Ngatia alijibu, na chai ikanyweka.

Uyoga aliujua kwa vidole: kofia pana, laini, zilizobanana ubavuni mwa mifuko ya mabua. Majirani walishikilia kwamba uyoga hutaka giza totoro, na Ngatia ndiye aliyeshikilia kuliko wote. Binti yao Shiku, anayesomea mambo ya kuvu chuo kikuu, alijaribu kuwaeleza alipokuja likizo. Ndani ya uyoga, alisema, mna protini inayonasa mwanga wa buluu. Ikishaunasa hujikunja, hubadilika umbo, na kwa umbo hilo jipya huzigusa protini nyingine, nazo hupokezana habari mpaka uyoga ujue umefika penye mwanga, utandaze kofia. Bila mwanga, habari haiendi. Uyoga hurefuka tu ukitafuta. Wangui alisikiliza kila neno. Ngatia alikuwa ameshasinzia, maana masomo na yeye hawakupatana tangu zamani.

Julai ikaja na ukungu wake na baridi ya kukata mifupa. Asubuhi moja Wangui alipapasa mfuko wa kwanza, akakuta mashina marefu, membamba, yenye vichwa vidogo kama vya kiberiti. Wa pili hivyo hivyo. Akampigia Shiku.

"Matundu ya hewa huko chini iko wazi, Mum?"

"Iko wazi. Nimeweka mkono, upepo unaingia."

"Basi si hewa, ni mwanga. Hapo ndani kuna giza."

"Giza gani, na mimi naona dirisha kila siku?"

Wangui alikata simu kabla ya kujibiwa. Akasogea hadi ukutani, akagusa kioo. Kilikuwa baridi tu. Akamwita mumewe, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Baba Shiku, hii dirisha iko na nini?"

Ngatia alisimama mlangoni. "Nilifunika na nailoni nyeusi, huko nje. Ni wiki sasa. Niliogopa baridi itaua uyoga yako."

"Wiki! Na kila asubuhi nakwambia nimeona?"

"Siku ya kwanza ukisema hivyo, nilishindwa kuongea. Nikasema, wacha ningoje. Kesho ataniambia ati leo ni giza, ndio nitoe." Akasogea hatua moja. "Mama Shiku, nilikuwa nangoja tu useme giza."

Wangui alitamani kukasirika; hasira ingemsaidia kusimama. Haikuja. Hakuwa amemdanganya mtu. Weupe aliuona kweli, asubuhi zote saba, na hata sasa alikuwa akiuona palepale, na hakujua tena ulitoka wapi. Alhamisi angeketi mbele ya daktari aulizwe kama bado anaona mwanga. Aliogopa.

"Enda utoe," alisema.

Akasikia hatua za mumewe zikizunguka nyumba, kisha misumari ikilia kwenye mbao, mmoja baada ya mwingine. Akausogeza uso karibu na kioo, akayafumbua macho kadiri alivyoweza, akangoja. Akangoja sana; weupe ulikuwa uleule.

"Baba Shiku, mbona umesimama? Si utoe hiyo nailoni."

"Nimetoa," Ngatia alisema kutoka nje. "Tunaangaliana."